Sauti ya Chini kwa Sista Klara

Wengi mmeniuliza habari za Buffalo, na kila mmoja nimemjibu kipande. Wa kazini niliwapa theluji. Kina mama wa kanisani niliwapa chakula. Mume wangu ndiye aliyeniambia, "Eliza, andika yote mara moja, nimechoka kusikia safari yako ikianzia katikati." Basi haya, naanza mwanzo.

Okolona: safari iliyotaka kuvunjika kabla ya kuanza

Kwa asiyenijua vizuri, mimi ni mwanamke ninayeimba na wanaume. Tangu kwaya ya watoto kule kambi ya wakimbizi Kigoma, mwalimu alinitoa kwenye mstari wa wasichana akanisimamisha kwenye teno, na siku nyingine nikashushwa hadi besi. Hapa kwetu Okolona, Louisville, ni vilevile. Watoto wa kanisani wananiita Baba Eliza, wakidhani sisikii. Nasikia.

Margareti ni Mmarekani, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mwembamba, mrefu kama mlingoti. Huja kufundisha Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa letu. Siku moja nilikuwa napanga viti huku naimba kwa kufumba mdomo, akaja akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. Akaniuliza kama ningependa kuimba na wanawake, wanawake peke yao. Nilidhani sikumwelewa. Maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Nyimbo zenyewe ni za masista wa Ulaya wa Zama za Kati, miaka mia saba, mia nane iliyopita. Waliishi ndani ya kuta zao, wakaimba mchana na usiku, na baadhi ya nyimbo zao ziliandikwa kwa mkono kwenye vitabu vya ngozi. Kisha vikafungwa, watu wakasahau. Siku hizi wapo wanaozitafuta na kuziimba upya, na Margareti ni mmoja wao. Alinionyesha picha za kurasa hizo: alama nyeusi ndogo ndogo, kama kuku amekanyaga wino. Zinakuambia upande au ushuke. Hazikuambii uende haraka kiasi gani, wala uanzie juu au chini. Hayo lazima uyatafute mwenyewe kwa koo lako.

Wimbo mmoja ulikuwa umemtesa kwa miaka. Ni wa maombolezo, masista wanamlilia mwenzao aliyefariki. Una sauti mbili. Ya juu inatembea, ya chini inakaa palepale kama sakafu, ndefu, bila kuchoka. Margareti alijiuliza, hiyo ya chini aliimba nani kwenye nyumba isiyo na mwanamume? Wengine humwambia alikuwa padri. Wengine husema walipandisha wimbo wote juu. Yeye mwenyewe hujibu, "Hatujui." Nilimpenda kwa sababu hiyo. Nimekutana na wasomi wachache sana wanaosema hatujui bila kuona aibu.

Kundi letu lilikuwa la wanawake wanne. Tulialikwa Buffalo, kwenye nyumba ya masista inayofungwa kwa sababu waliobaki ni wazee. Mmoja wao, Sista Klara, ndiye aliyemfundisha Margareti muziki alipokuwa msichana huko huko Buffalo. Alitaka kusikia wimbo ule kwenye kikanisa chao kabla hawajahama.

Asubuhi ya kuondoka, wenzetu wawili wakapiga simu mmoja baada ya mwingine, wameshikwa na mafua, sauti hazitoki. Margareti alikaa kwenye ngazi za nyumba yangu, mkoba miguuni, akampigia Sista Klara kumwambia tumeahirisha. Aliweka simu kwa sauti kubwa. Wao walizungumza Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hivi:

"Wazima mko wangapi?"

"Wawili, Sista."

"Wimbo una sauti ngapi?"

"Mbili."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Nilicheka, naye akanisikia. "Huyo anayecheka ndiye wa sauti ya chini? Mlete."

Binti yangu alitoa kichwa dirishani akasema kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, kwamba nyimbo hizo hakuna mtu anayezisikiliza. Nikamwambia yupo mmoja Buffalo. Tukaondoka.

Reynoldsburg: nilivyoombewa nisiwe sista

Hadi Columbus hakukuwa na neno. Tulikuwa tulale Reynoldsburg, jirani yake, kwa kaka yangu na mkewe Janeti, wifi yangu, Mkongomani wa Uvira. Tulipofika nikashangaa kuona magari yamejaa mbele ya apatimenti. Nikadhani kuna msiba. Ndani, sebule imejaa watu wa kanisa lao, Biblia magotini, na Janeti amejifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyefunga kula. Hakunisalimia. Alinishika mikono yote miwili.

"Yaya Eliza," alisema, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "donc ni kweli? Unaacha bwana? Batoto unabaacha na nani?"

"Namwacha kwenda wapi?"

"Si ulisema kwa simu unaenda kwa nyumba ya masista? Buffalo? Na huyu muzungu njo anakupeleka?"

Nikaelewa. Nilikuwa nimempigia wiki iliyopita nikiwa kwenye foleni ya dukani, kelele tupu, nikamwambia nakwenda kwa masista. Yeye akasikia nakwenda *kuwa* sista. Akamwambia kaka yangu, kaka akamwambia mchungaji, na sasa kanisa zima limekuja kunirudisha kwa mume wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Margareti, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa anapeana mikono na kila mtu, akishukuru kwa mapokezi makubwa.

Nilieleza. Mchungaji alisikiliza, akakohoa, akasema kwa kuwa watu wameshafika wataomba tu, kwa ajili ya njia. Waliomba. Katikati ya maombi nilisikia mama mmoja akimwambia Mungu hata hivyo anilinde na roho ya usista.

Baada ya hapo Janeti alileta ugali, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, za kukaanga na pilipili. Margareti alikula sombe sahani mbili. Ndagala alizitazama zikamtazama, akafunga macho, akala. Janeti alimpenda kuanzia hapo. Ndipo akasema, "Bon. Sasa mutuimbie hiyo wimbo yenyewe, tusikie."

Tuliimba tukiwa tumesimama karibu na televisheni iliyozimwa. Nilianza mimi, chini kabisa, Margareti akaingia juu yangu. Watu walitulia. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi, wala haukuwa wimbo wa makofi.

"Ni muzuri," Janeti alisema. "Inasema nini?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeyashika maneno ya Kilatini kama mtoto anavyoshika jedwali la kuzidisha. Nilijua ni wimbo wa msiba, basi.

"Sijui kila neno," nilisema.

"Yaya, unalilia mutu, na haujui unamuambia nini?"

Hakusema kwa ubaya, ila liliniingia. Nikamwomba Margareti atufafanulie mstari kwa mstari, nami nikawa nageuza kwa Kiswahili. Wanasema: aliyetufungulia mlango leo amefunga macho. Wanamwita kwa jina. Wanasema: kiti chako tumekiacha palepale. Wanasema: tulikuimbia ukiwa unasikia, sasa tunakuimbia hata kama husikii. Nilipofika mstari huo Janeti alisimama akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanakula.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa amefungua bomba la maji na haoshi kitu.

"Mama alizikwa Uvira," alisema, "mi niko hapa, na simu mukononi. Waliniwekea video. Network ikakatika wakati walianza kuimba. Iliporudi, watu wako wanarudi nyumbani." Alifunga maji. "Donc mama hakusikia sauti yangu."

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani, zikiwa bado hazijaoshwa, mpaka akaona, akanipokonya, tukacheka huku tunafuta macho. Mwishowe akasema, "Enda uimbe. Lakini usiimbe tena kama mutu anasoma kitu hajui. Umuambie huyo mutu."

Karibu na Erie: barabara iliyofungwa

Wanaokaa karibu na Ziwa Erie wanasema theluji ya pale haitoki mbinguni, inatoka ziwani. Tulipita Cleveland kukiwa na jua. Saa moja mbele, ukuta mweupe. Magari yakawa yanatambaa, kisha yakasimama kabisa, na polisi wakawa wanatuelekeza tutoke barabarani. Tukaishia kwenye kituo kikubwa cha malori, tumebanwa kati ya trela mbili.

Margareti alitaka tutafute njia ya vijijini. Alikuwa na ramani kwenye simu, kidole chake kikifuata vijia vyembamba. Nikashuka kuuliza. Dereva wa lori lililo jirani alikuwa anafuta kioo, Msomali wa makamo mwenye ndevu nyekundu za hina. Nilimuuliza kwa Kiingereza, akanitazama, akajibu kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Mama, wewe ni wa wapi? Hiyo Kiingereza yako imetembea na Kiswahili."

Aliitwa Abdi. Alikulia Kenya, sasa anakaa Columbus. Nilimweleza kwamba tunataka kupita njia za ndani.

"Hiyo njia ya ndani hata mimi na hii lori siwezi jaribu," alisema. "Mtaingia kwa mtaro, na hakuna mtu atawaona mpaka kesho. Mwambie huyo mama mzee atulie. Mnakimbilia nini?"

"Kuna mtu anatusubiri. Ni mzee."

"Akiwa mzee anajua kusubiri."

Akatupa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, ina iliki na sukari isiyo na huruma, na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi. Tulikunywa ndani ya gari letu, yeye amekaa kiti cha nyuma magoti yakigusa mgongo wangu. Margareti alimuuliza kwa Kiingereza kama anasikiliza muziki njiani. Abdi akasema anasikiliza Kurani, na siku nyingine mpira. Halafu akauliza sisi tunaimba nini, nikamweleza. Alifikiri.

"Hao masista walikuwa wamefungiwa?"

"Walijifungia wenyewe. Wengine, labda, walifungiwa," Margareti alijibu. "Hatujui vizuri."

"Lakini walikuwa wanaimba."

"Mchana na usiku."

Abdi alitikisa kichwa. "Mtu akifungwa, sauti ndiyo inatoka nje," alisema. Akashuka kwenda kuangalia matairi yake.

Barabara haikufunguka siku ile, Margareti akawapigia masista kuwaarifu. Kanisa moja la pale karibu lilifungua ukumbi kwa wasafiri, tukalala kwenye vitanda vya kukunja. Asubuhi, tukiwa tunakula uji wa shayiri kwenye bakuli za karatasi, simu ya Margareti ikalia. Alisikiliza tu. Hakusema neno zaidi ya "ndiyo" na "asante." Alipoiweka mezani niliona uso wake nikajua.

Sista Klara alikuwa amefariki jioni iliyopita. Moyo, walisema. Alikuwa amekaa kitini akiuliza barabara imefunguliwa au bado.

Margareti aliendelea kukoroga uji wake ulioganda. "Tungeondoka siku moja mapema," alisema. "Nilikaa kwenye ngazi zako nikibishana na simu."

Nilitaka kumwambia siyo kosa lake, lakini hilo kila mtu humwambia mfiwa na halimsaidii. Nilimwambia tu, "Bado tunakwenda?"

"Kwenda kumwimbia nani, Eliza? Aliyetaka kusikia hayupo."

"Wimbo wenyewe si wa mtu asiyekuwepo?"

Margareti akasukuma bakuli, akaenda kutafuta ufunguo wa gari. Pale kituoni Abdi hakuwepo tena. Lori lake lilikuwa limeacha mstatili mmoja mrefu usio na theluji.

Buffalo: kikanisani

Nyumba ya masista ni jengo la matofali mekundu, kubwa kupita waliobaki ndani yake. Walikuwa sita. Maboksi yalikuwa yamepangwa korido nzima yakiwa na majina ya vyumba. Mkubwa wao sasa, Sista Rozimeri, alitupokea akitembelea fremu ya chuma yenye mipira ya tenisi miguuni. Alimkumbatia Margareti, kisha akaniambia, "Wewe ndiye uliyecheka kwenye simu. Alituhadithia."

Mazishi yalikuwa kesho yake. Jioni ile tulifanya mazoezi kikanisani, na masista wakaja mmoja mmoja wakakaa nyuma na blanketi magotini. Nilidhani baadhi yao wamelala.

Kesho yake padri alisoma misa. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, dogo, nami nikashangaa sauti ile nzito iliwezaje kutoka kwa mtu mdogo hivyo. Kabla halijatolewa, tulisimama kando yake. Nilianza. Safari hii sikushika maneno kama jedwali la kuzidisha. Nilimwambia: ulitufungulia mlango. Nilimwambia: kiti chako kiko palepale.

Margareti aliimba vizuri mpaka mahali pa jina. Kwenye kitabu cha zamani kuna jina la sista yule wa karne zile, na hakuna ajuaye alikuwa nani. Siku zote tunaliimba lile lile. Margareti alivuta pumzi, na hakuna kitu kilichotoka. Alisimama mdomo wazi, mkono juu ya jeneza.

Kazi ya sauti ya chini ni kubaki. Nilibaki. Niliishika ile noti nikimsubiri, na pumzi ikawa inaisha. Nikijua lazima nikate, na nikikata kutakuwa na kimya ambacho hakuna atakayeweza kukivunja tena, nilisikia kitu nyuma yangu. Kilianza kama mtu anayekohoa. Kisha ikawa noti. Noti yangu, mahali pale pale, nzito, yenye nyufa. Halafu ya pili ikaungana nayo, halafu nyingine. Masista walikuwa wameishika sakafu. Nikavuta pumzi nikarudi ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa nimesimama chini kabisa na wanawake wenzangu.

Margareti akageuka akawaona. Akamrudia Sista Klara, akaimba jina. Halikuwa la kwenye kitabu. Aliimba Klara, kwa ile njia ndefu inayopanda na kushuka, na jina likakaa pale kana kwamba mwandishi wa zamani alikuwa amemwachia nafasi.

Jikoni kwa masista

Baada ya kutoka makaburini tulikula supu ya kuku na mkate jikoni, kwa sababu meza ya chumba cha chakula ilikuwa imeshauzwa. Margareti hakuweza kutulia.

"Sauti hizo mlizitoa wapi?" aliwauliza. "Sista Rozimeri, wewe ulikuwa soprano. Nakumbuka."

"Nilikuwa soprano nikiwa na miaka ishirini," Sista Rozimeri alijibu. "Sauti nayo huanguka, kama vingine vyote vinavyoanguka."

Masista walicheka. Margareti hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Wazee," alisema polepole. "Kila nyumba ya masista ilikuwa na wazee. Miaka yote hii natafuta padri aliyejificha nyuma ya pazia, na labda walikuwa bibi tu, wamekaa nyuma na blanketi."

"Unajua hivyo?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Erie. "Hatujui. Lakini leo nimesikia."

Nilikuwa nafikiria wale watoto wanaoniita Baba Eliza. Nadhani nikifika uzeeni watakoma, maana nitakuwa tu nimewatangulia wenzangu mahali wanapokuja wote.

Sista Rozimeri alisogeza sahani yake. "Tufundisheni yote," alisema. "Maneno na ya juu pia. Tunahamia nyumba ya wazee, sote sita pamoja. Kila mmoja atahitaji kuimbiwa."

Tukawafundisha pale pale, mchana kutwa, chai ikipoa na kuchemshwa tena. Maneno waliyajua haraka kuliko mimi. Tulipopumzika, sista mmoja mdogo wa umbo, mwenye vifaa vya kusikilizia kwenye masikio yote mawili, aliuliza, "Na wa mwisho?"

Kila mmoja alikuwa anahesabu. Watano wataimbiwa na waliobaki, lakini wa sita hatakuwa na mtu.

"Nitakuja mimi," nilisema. Sikulifikiria, lilitoka tu. "Atanipigia simu."

"Aliyekufa hapigi simu, mwanangu," Sista Rozimeri alisema.

"Basi apige kabla."

Walicheka tena, lakini Sista Rozimeri alikuwa ananitazama kuona kama nimemaanisha. Nilikuwa nimemaanisha. Akatoa simu yake mfukoni mwa sweta, akanisukumia juu ya meza. Nikaandika namba yangu, na jina: Eliza, sauti ya chini. Aliisoma kwa kuisogeza mbali na macho, akampa jirani yake, naye akasoma akampa wa pili. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kupekua mifuko yao na kutoa simu zao.